Mapigo ya Moyo wa Mutoto

Kama kuna mutoto mudogo nyumbani mwako, weka sikio lako juu ya kifua chake leo wakati analala. Utasikia moyo wake. Labda utashangaa, kwa sababu unakwenda upesi kupita moyo wako wewe. Usiogope, moyo wa mutoto unapiga hivi. Lakini kuna siku moyo wa mutoto unaweza kupiga upesi kupita kipimo, ao polepole kupita kipimo. Siku ile mutoto mudogo hawezi kusema: «Moyo wangu unapiga vibaya.» Yeye anakataa ziwa tu, ao analia, ao ananyamaza. Ni lazima mukubwa amusemee. Kwa hiyo tumeandika mafundisho haya, upate kujua namna ya kusikiliza, namna ya kuhesabu, na namna ya kumuambia munganga jambo uliloona.

Mama na mutoto wake

Tuwaze juu ya mama mumoja. Mutoto wake ana miezi miwili. Jana asubui alinyonya vizuri. Jana magaribi aliacha ziwa upesi, na jasho likatoka kichwani. Usiku alilia sana, kisha akanyamaza. Leo asubui rangi yake imegeuka, midomo yake imefifia, anapumua mbiombio, lakini mwili wake hauna homa.

Bibi yake anasema: «Kuna mutu aliyemutazama kwa jicho baya.» Baba yake anasema: «Ni tumbo tu, tungoje kesho.» Jirani anasema: «Ni malaria, mimi ninabakia na vidonge vya mutoto wangu, mumupe.» Watu hawa wote wanamupenda mutoto. Lakini hakuna hata mumoja aliyeweka sikio juu ya kifua chake. Kama wangeliweka, wangelisikia moyo unaokimbia hata mutu hawezi kuuhesabu.

Ugonjwa wa mutoto huyu una dawa. Mara nyingi unaondoka kwa dakika chache, mbele ya macho ya mama yake. Lakini akikaa nyumbani siku mbili ao tatu, moyo wake unachoka, maji yanaingia katika mapafu, ini linavimba, na kazi ya munganga inakuwa ngumu sana. Basi ujue neno hili mbele ya yote: katika ugonjwa wa mapigo ya moyo, watoto wengi wanaumizwa na kukawia kuliko ugonjwa wenyewe.

1. Namna moyo unavyopata amri

Moyo ni pompi ya damu. Ukubwa wake ni karibu sawa na ngumi ya mutoto mwenyewe. Ndani yake kuna vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Vyumba vya juu vinapokea damu na kuimimina katika vyumba vya chini. Vyumba vya chini vinaisukuma katika mapafu na katika mwili wote.

Nani anauambia moyo kupiga? Ndani ya chumba cha juu cha upande wa kuume kuna sehemu ndogo sana, nayo ni sawasawa na mupiga ngoma anayeongoza wengine. Inatoa umeme kidogo, umeme ambao mwili wenyewe unaufanya. Waganga wawili wa Uingereza, Arthur Keith na Martin Flack, waliandika habari za sehemu hii katika mwaka wa 1907. Umeme huu unapita katika vyumba vya juu, navyo vinajikaza. Kisha unafika kwenye mulango mumoja kati ya vyumba vya juu na vya chini. Munganga wa Japani, Sunao Tawara, alionyesha mulango huu katika mwaka wa 1906. Pale amri inangoja kidogo, ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu. Kisha inashuka, na vyumba vya chini vinasukuma. Hili ndilo pigo moja la moyo.

Watu wengi wana njia moja tu ya kushusha amri. Lakini watoto wengine wanazaliwa na njia ya pili, sawasawa na kijia kidogo kinachopita nyuma ya nyumba. Siku nyingi njia hii haifanyi neno. Lakini siku moja amri inashuka kwa njia ya kwanza, inapanda kwa njia ya pili, inashuka tena, inapanda tena. Inazunguka tu sawasawa na mutoto anayekimbia kuzunguka nyumba pasipo kusimama. Kila muzunguko ni pigo moja. Moyo unapiga mara 220, hata mara 300 kwa dakika moja.

Labda utauliza: «Kama moyo unapiga sana, si damu itakwenda sana?» Hapana. Waza juu ya mutu anayechota maji na kibuyu. Akikizamisha na kungoja kidogo, kinajaa. Lakini akikizamisha na kukiondoa mara moja, kinatoka na maji kidogo tu, hata kama anachota mara nyingi. Hivi ndivyo moyo unaokimbia. Hauna nafasi ya kujaa. Unatumika sana, lakini mwili unakosa damu.

2. Namna ya kuhesabu mapigo

Si kazi ya munganga peke yake. Kila baba na kila mama anaweza kujifunza. Unahitaji saa yenye mushale wa sekunde, ao simu inayoonyesha sekunde.

Kama mutoto ni mudogo, weka sikio lako upande wa kushoto wa kifua chake, chini kidogo ya chuchu. Ao weka vidole viwili ndani ya mukono wake, kati ya bega na kiwiko, na kukamata polepole. Kama mutoto ni mukubwa, weka vidole viwili juu ya kifundo cha mukono, upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba chako wewe, kwa sababu kina mapigo yake, nawe utahesabu moyo wako mwenyewe. Hesabu kwa dakika moja nzima. Mutoto awe ametulia, asiwe analia wala kutoka mbioni.

Hivi ndivyo vipimo vya mutoto muzima anayetulia:

Mutoto aliyezaliwa sasa: mara 100 hata 160 kwa dakika.
Mutoto wa mwaka mumoja: mara 100 hata 150.
Mutoto wa miaka 3 ao 4: mara 80 hata 130.
Mutoto wa shule: mara 70 hata 120.
Mutu mukubwa: mara 60 hata 100.

Akilala usingizi, hesabu inashuka. Akilia ao akikimbia, inapanda. Hii ni kawaida.

Tena usiogope ukisikia kwamba moyo wa mutoto wako unaongeza mwendo anapovuta pumzi, na kupunguza mwendo anapotoa pumzi. Watoto wengi wazima wana mapigo ya namna hii. Vilevile pigo moja linaloruka mara kwa mara, katika mutoto anayekula, anayecheza na kukua vizuri, kwa kawaida si ugonjwa mubaya. Umuonyeshe munganga, lakini ulale usingizi.

3. Moyo unaokimbia kwa sababu mbili

Sasa usikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanakosea. Moyo unaweza kukimbia kwa sababu ya ugonjwa mwingine, ao kwa sababu njia zake zenyewe zimeharibika.

Katika inchi yetu sababu ya kwanza inaonekana kila siku. Mutoto ana homa, na kila digri moja ya homa inaongeza karibu mapigo 10. Mutoto amekosa damu kwa ajili ya malaria ao minyoo, na moyo unatumika zaidi ili damu kidogo inayobakia itoshe. Mutoto anahara, na maji ya mwili yamepunguka. Mutoto ana ugonjwa wa mapafu. Katika hali hizi zote moyo si adui. Ni mujumbe tu. Hatumupigi mujumbe, tunatafuta yule aliyemutuma. Ukiondoa homa, ukirudisha maji, ukiongeza damu, moyo utarudi katika mwendo wake wenyewe.

Sababu ya pili ni ule ugonjwa wa njia ya pili, ao mwingine ulio sawa nao. Utautambuaje? Tazama alama hizi nne.

Alama ya kwanza: unaanza gafula. Moyo wa homa unapanda polepole, sawasawa na mutu anayepanda mulima. Moyo huu unaruka mara moja, na unaweza kuacha mara moja vilevile, sawasawa na taa inayowashwa na kuzimwa.

Alama ya pili: haubadiliki. Moyo wa homa unapunguka mutoto akilala na unaongezeka akilia. Moyo huu unashika mwendo uleule, akilia ao akilala.

Alama ya tatu: ni hesabu. Katika mutoto anayenyonya mapigo yanapita 220 kwa dakika. Katika mutoto mukubwa yanapita 180, hata kama ameketi tu. Mara nyingi utashindwa kuhesabu. Kushindwa huku kwenyewe ni alama. Usione haya kumuambia munganga: «Nilijaribu kuhesabu, nikashindwa.» Neno hili litamusaidia sana.

Alama ya nne: hakuna ugonjwa mwingine unaoonekana. Hakuna homa, hakuna kuhara, lakini mutoto anakataa ziwa, anatoka jasho, anapauka, anapumua mbiombio. Mutoto mukubwa atasema: «Kifua changu kinatetemeka,» ao «Kuna ndege ndani ya kifua changu.» Usimucheke. Usimuambie kwamba anakimbia masomo. Weka vidole vyako, hesabu.

Ukiona alama hizi, mupeleke hospitali siku ileile, hata kama ni usiku. Ukiomba Mungu, omba njiani. Usingoje kwanza mufumu, wala vidonge vya jirani. Andika saa mapigo yalipoanza na hesabu uliyopata. Ikiwa mapigo yameacha mbele ya kufika, uende vilevile na kueleza, kwa sababu yatarudi siku nyingine.

4. Munganga atafanya nini?

Atasikiliza moyo, naye atatafuta chombo kinachoandika umeme wa moyo juu ya karatasi. Chombo hiki kilikamilishwa na Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyepewa zawadi ya Nobel kwa kazi hiyo katika mwaka wa 1924. Watamufunga mutoto nyuzi kwenye mikono, miguu na kifua. Usiogope, nyuzi hizi haziingizi umeme katika mwili. Zinasikiliza tu. Mutoto hasikii maumivu.

Kama mutoto ana nguvu bado, munganga ataanza na dawa isiyo na bei: baridi. Atatia maji na barafu katika mufuko na kuuweka juu ya paji la uso na pua ya mutoto kwa sekunde 15 hata 30, pasipo kuzuia pumzi yake. Mwili ukisikia baridi ya gafula usoni, unatuma amri ya kupunguza mapigo, na amri ile inaweza kukata muzunguko. Mama wengine wanakasirika wakiona jambo hili. Usikasirike, ni dawa ya kweli. Lakini usilifanye peke yako nyumbani, maana mutoto mudogo anaweza kuzibwa pumzi. Tena kamwe usimukamie mutoto macho kwa vidole. Zamani watu walifanya hivi kwa kupunguza mapigo, lakini jambo hili linaweza kuharibu macho.

Mutoto mukubwa anaweza kujisaidia mwenyewe. Munganga atamuambia kuvuta pumzi na kuipuliza kwa nguvu katika bomba la sindano lisilo na sindano, kwa sekunde 15, kisha alale chali na miguu yake iinuliwe. Katika mwaka wa 2015 waganga wa Uingereza walijaribu namna hii kwa watu wakubwa. Kati ya watu 100 waliopuliza na kulazwa, miguu yao ikiinuliwa, moyo wa watu 43 ulirudi sawa. Kati ya 100 waliopuliza wakibaki wameketi, ni 17 tu. Ni jambo ndogo, haliombi franga hata moja.

Kama baridi na kupuliza havikusaidia, kuna sindano inayoitwa adenozini. Inaingizwa upesi sana katika mushipa wa damu, na nguvu yake inakwisha kwa sekunde chache tu. Inafunga mulango wa kati kwa kitambo kidogo, na muzunguko unakatika. Kwa sekunde chache moyo unaweza kunyamaza, na mutoto anaweza kulia kwa hofu. Kisha unaanza tena kwa mwendo muzuri. Mama aliyesimama karibu anaweza kuona rangi ya midomo ikirudi.

Lakini kama mutoto amekwisha kulegea, hajui watu tena, mikono na miguu imekuwa baridi, hakuna nafasi ya kujaribu polepole. Munganga atatumia chombo cha kupiga moyo kwa umeme kidogo uliopimwa kwa uzito wa mutoto. Kama chombo hiki hakipatikani pale, atamutuma upesi kwa hospitali kubwa.

Nyuma yake mutoto anaweza kupewa dawa ya kunywa kila siku, kama propranololi, ili ugonjwa usirudi. Katika watoto wengi ambao ugonjwa ulianza mbele ya kumaliza mwaka mumoja, unawaacha wakikua. Wengine wanabakia nao. Kwao kuna hospitali kubwa, chache, katika inchi zingine, ambamo waganga wanapitisha uzi mwembamba katika mushipa wa muguu hata ndani ya moyo, na kuichoma ile njia ya pili. Kati ya watoto 100 wanaofanyiwa kazi hii, zaidi ya 90 wanapona.

Juu ya dawa za moyo, shika maneno haya matatu. Usiache dawa siku moja kwa sababu mutoto anaonekana muzima. Usiongeze kipimo kwa sababu anaonekana mugonjwa. Wala usimupe mutoto dawa ya moyo ya bibi yake. Moja ya dawa hizi, digoksini, ni ya jamaa moja na dawa ya majani ambayo munganga William Withering wa Uingereza aliandika habari zake katika mwaka wa 1785. Tangu siku zile waganga wanajua kwamba kipimo kinachoponya na kipimo kinachoua vinakaa karibu sana. Nayo verapamili, dawa ambayo watu wakubwa wanaimeza kwa amani, inaweza kumuua mutoto asiyetimiza mwaka mumoja.

5. Moyo unaokwenda polepole

Mutoto mugonjwa sana ambaye moyo wake umeshuka chini ya 60, mara nyingi amekosa pumzi. Wauguzi wataanza na kusafisha njia ya pumzi na kumusaidia kupumua, kwa maana moyo ukipata hewa utaamka.

Lakini watoto wengine wachache wanazaliwa na mulango wa kati uliofungwa. Amri haishuki, na vyumba vya chini vinapiga kwa mwendo wao wenyewe, polepole. Mara nyingi sababu ni hii: damu ya mama ina askari ambao, pahali pa kupigana na adui, wanapita katika kondo la nyuma na kuumiza moyo wa mutoto tumboni. Mama mwenyewe anaweza kuwa pasipo ugonjwa wowote. Basi hana kosa, wala hakuna mutu aliyemuloga. Lakini amuambie munganga mbele ya kuzaa tena, ili mimba iangaliwe vizuri.

Kama moyo unakwenda polepole sana, waganga wanaweza kuweka chini ya ngozi chombo kidogo kinachoamuru moyo kupiga. Mutu wa kwanza kuwekewa chombo hiki mwilini alikuwa Arne Larsson wa Sweden, tarehe 8 Oktoba 1958. Chombo chake cha kwanza kilitumika saa chache tu kisha kikaharibika, wakamuwekea kingine, na kingine tena. Yeye akaishi hata mwaka wa 2001, akiwa na miaka 86. Vyombo vya sasa vinatumika miaka mingi mbele ya kubadilishwa.

6. Mutoto anayezimia akikimbia

Kuna mutoto anayeanguka gafula wakati anacheza mupira, ao anaoga mutoni, ao mutu amemushitusha. Anabaki kama mufu, pengine mwili unatikisika, kisha anaamka. Watu wanasema: «Ni kifafa.» Wengine wanasema: «Ni uchawi,» na mutoto anafungwa, anapigwa, ao anafukuzwa nyumbani. Ni uovu mukubwa. Pengine mutoto huyu ana ugonjwa wa moyo tu. Moyo wake, nyuma ya kila pigo, unakawia kujitayarisha kwa pigo lingine, na mbio ao hofu inaweza kuuvuruga kabisa.

Katika mwaka wa 1957 waganga wawili wa Norwei, Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen, waliandika juu ya jamaa moja iliyokuwa na watoto waliozaliwa viziwi, nao wakawa wakizimia. Watatu kati yao walikufa gafula. Waganga walipopima umeme wa mioyo yao, waliona ugonjwa huu. Watoto wengine wana ugonjwa huu na masikio yao ni mazima. Basi ukiwa na mutoto kiziwi tangu kuzaliwa naye anazimia, ao mutoto anayezimia akikimbia, ao kama katika jamaa yenu vijana wamekufa gafula, omba mutoto apimwe umeme wa moyo. Uombe hivi hata kama amekwisha kupewa dawa za kifafa.

Mutoto wa namna hii anapewa dawa ya kutuliza moyo. Hatashindana katika mbio, hataoga mutoni peke yake. Na kila pahali anapotunzwa, wazazi waseme: «Mutoto wetu ana ugonjwa wa umeme wa moyo.» Kwa maana dawa zingine za malaria, kama kinini, na zingine za kuua vijidudu, kama eritromisini, zinaweza kumuletea hatari.

Akianguka, haamki, wala hapumui, usimumwangie maji tu na kulia. Mulaze chali pahali pagumu. Kama ni mutoto anayetembea, weka kiganja cha mukono katikati ya kifua chake, na kukamia chini hata theluthi ya unene wa kifua, mara 100 hata 120 kwa dakika. Baada ya kila mara 30, umupulizie pumzi mara mbili kinywani, pua yake imefungwa. Usiache mpaka apumue ao musaada ufike.

7. Kulinda moyo wa mutoto

Njia ya pili hatuwezi kuizuia, mutoto anazaliwa nayo. Lakini hatari zingine tunaweza kuzizuia nyumbani.

Mutoto anayehara anapoteza chumvi inayoitwa potasiamu, na moyo unaokosa chumvi hii unapiga vibaya. Dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji, SRO, ina potasiamu ndani yake. Mupe SRO tangu siku ya kwanza, pamoja na ziwa na chakula.

Mutoto mwenye koo linalouma pamoja na homa aonyeshwe kwa muuguzi. Koo lisilotunzwa linaweza kuzaa homa ya viungo, nayo inaharibu vilango vya moyo. Miaka mingi nyuma yake mapigo yanavurugika. Mutoto aliyekwisha kupata ugonjwa huu apate sindano yake ya penisilini kila wiki 3 ao 4, asikose hata moja.

Kama kinini inatiwa katika mushipa wa damu, ni lazima iingie polepole kwa saa nyingi. Usimusukume muuguzi kuharakisha maji yale kwa sababu unataka kurudi nyumbani. Kinini ikiingia upesi inaweza kusimamisha moyo.

Nazo dawa zote ziwekwe juu, katika sanduku lenye kufuli. Vidonge vichache vya klorokini ao vya moyo vinaweza kumuua mutoto aliyeviona kuwa bonbon.

Sasa turudi kwa mama yetu na mutoto wa miezi miwili. Kama angelikuwa amesoma mafundisho haya, magaribi ya jana, alipoona jasho na kukataa ziwa, angeliweka sikio juu ya kifua. Angelijaribu kuhesabu, angelishindwa, angelimufunga mutoto mugongoni na kwenda. Bibi angelimubebea taa. Baba angelikamata baiskeli. Na asubui hii mutoto angelikuwa ananyonya.

Maulizo

Moyo wa mutoto aliyezaliwa sasa unapiga mara ngapi kwa dakika akitulia?
Kwa sababu gani moyo unaokimbia sana hautoshi kutuma damu mwilini?
Alama nne za moyo unaokimbia pasipo ugonjwa mwingine ni gani?
Kwa sababu gani hatumukamii mutoto macho?
Mutoto anayezimia akikimbia apimwe nini?
Leo umehesabu mapigo ya mutoto wako? Ni ngapi? Andika hapa: ..........